Umejuaje? Namna ya Kuandaa Somo Lenye Uhai

Ndugu zetu walimu, na nyinyi wazee wenye watoto katika skuli za sekondari:

Hapana mtu katika mitaa yetu ya Eastlands, tangu Pumwani na Shauri Moyo mpaka Buruburu, Umoja na Dandora, asiyekubali kwamba ilimu ni jambo la lazima. Katika neno hili sote tumeafikiana. Mama huuza mitumba Gikomba, baba hugonga mabati Kamukunji, na fedha zikipatikana karo hutangulizwa kabla ya nguo. Lakini ni wachache kati yetu wanaouliza suala la pili, ambalo ni zito zaidi: Mtoto akisha kuketi darasani, hupata nini katika zile dakika 40 za somo zilizonunuliwa kwa dhiki yote hiyo?

Tumelizungumza jambo hili katika darsa zetu kwa siku nyingi, kwani miongoni mwetu wamo walimu wa sayansi, wa historia na wa kompyuta, na wamo pia wazazi ambao vijana wao wamekwisha kuchoka na skuli kabla ya kuimaliza. Tumeona ni wajibu wetu kuyaandika yale tuliyoafikiana, ili mwalimu ayatumie kesho asubuhi, na mzazi ajue la kumwuliza mwanawe jioni.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa wetu ni kukariri pasi na kufahamu. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili daftarini, na siku ya mtihani hurejesha kile kile alichopewa, kama mtu arejeshaye amana asiyoifungua. Kisha huachana, na hapana kilichobaki. Sisi katika mambo ya dini twajua madhara ya taklidi ya upofu, yaani kufuata kauli ya mtu bila ya kutaka kujua dalili yake. Basi ni ajabu kwamba tumeikemea msikitini, tukairuhusu skulini.

Natutoe mfano mmoja. Katika skuli moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja jina, wanafunzi walipewa kipimajoto wapime maji yanapochemka. Maji yakabubujika, na kipimajoto kikasimama kwenye digrii 95. Kijana mmoja akaandika 95. Jirani yake akachungulia kitabu, akaona kimesema 100. Akafuta alichokiona kwa macho yake, akaandika 100. Aliyeandika 100 akapewa alama, na aliyeandika 95 akahesabiwa kuwa amekosa.

Twauliza: Aliyekosa ni nani? Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na uzito wake juu ya maji ni mdogo. Kwa hivyo maji hayangoji kufika digrii 100 ndipo yachemke, bali huchemka karibu na digrii 94 au 95. Kitabu nacho hakikusema uwongo, kwani kilikusudia maji yaliyo katika usawa wa bahari, kama ya Mombasa au Lamu. Kijana wa kwanza alisema kweli akaadhibiwa. Wa pili alifundishwa siku ile, mbele ya wenziwe wote, kwamba macho yake si shahidi, na kwamba salama ya mtu ni kuitikia. Hilo ndilo somo alilokwenda nalo nyumbani, ingawa halikuandikwa katika mtaala wowote.

Hasara yake haikomi kwenye mtihani. Kijana aliyezoea kupokea kila neno bila ya kulipima ndiye huyo huyo atakayepokea uvumi ulioletwa na simu yake, ndiye atakayeuziwa kazi ya uwongo ya ng'ambo, na ndiye atakayechukuliwa na kila mwenye ulimi mtamu. Na wenye ndimi tamu hawapungui mitaani mwetu.

DAWA NI SUALA MOJA

Dawa tuliyoiona ni suala fupi: Umejuaje? Somo likiandaliwa hata mwanafunzi asiweze kulimaliza ila awe amejibu suala hili, somo hilo litakuwa na uhai, liwe ni la sayansi, la historia, la uraia au la kompyuta. Mwanasayansi hujibu, "Nimepima." Mwanahistoria hujibu, "Nimewapata mashahidi, nikawachunguza." Raia hujibu, "Nimeisoma sheria yenyewe." Mtu wa kompyuta hujibu, "Nimelijaribu hatua kwa hatua." Njia ni nne, na suala ni moja.

Watu wengi hudhani kwamba somo la kuvutia ni lile lenye mzaha, nyimbo na picha za rangi. Vitu hivyo si vibaya, lakini havitoshi. Kijana wa miaka 15 hakosi wa kumchekesha. Simu humchekesha usiku kucha. Anachokikosa ni jambo zito lililowekwa mikononi mwake, akaambiwa: Litazame vizuri, kisha utupe hukumu yako pamoja na sababu. Hapo usingizi humtoka.

Sasa tuyatazame masomo manne, moja baada ya jingine, kwa mifano ya mitaa yetu wenyewe.

LA KWANZA: SAYANSI

Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, na watu wengi hununua maji kwa mtungi. Kwa hivyo hapana nyumba isiyoijua shida ya maji, na mwalimu hana haja ya dibaji ndefu. Aweke mezani chupa tatu za plastiki zenye maji ya tope yaliyo sawasawa. Ya kwanza asiiguse. Ya pili aitie unga kidogo wa shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hulipaka usoni baada ya kunyoa, kisha aikoroge. Maji ya chupa ya tatu ayapitishe katika chupa nyingine iliyokatwa kitako, ikageuzwa juu chini, ikatiwa pamba, makaa yaliyotwangwa, mchanga na changarawe. Na kabla ya kufanya lolote, kila mwanafunzi aandike daftarini mwake: ni maji ya chupa ipi yatakayotakata zaidi, na kwa sababu gani?

Kuandika dhana kabla ya kuona ni jambo dogo, lakini lina nguvu kubwa. Mtu akisha kuiweka kauli yake juu ya karatasi, hutaka kujua kama itasimama au itaanguka. Baada ya hapo na watazame saa, waandike kila dakika 5 wanachokiona. Wataona kwamba katika chupa ya shabu tope lashikana mabonge mabonge na kushuka chini. Hapo mwalimu aeleze: Chembe za tope zina umeme wa namna moja, nazo husukumana, ndiyo sababu zaelea muda mrefu; shabu huuondoa ule msukumano, chembe zikashikamana, zikawa nzito, zikazama. Maelezo haya yakitangulia huwa ni maneno matupu. Yakija baada ya macho kuona, huwa ni jibu la suala ambalo mwanafunzi mwenyewe amekwisha kuwa nalo.

Kisha mwalimu ainyanyue chupa iliyotakata, aulize: Je, maji haya ni salama kwa kunywa? Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa ni maangavu. Awaulize: Mmejuaje? Hapa ndipo kiini cha somo. Uangavu si usalama. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, navyo hukaa katika maji yasiyo na doa. Kuondoa tope ni jambo moja, na kuua vijidudu kwa moto au kwa dawa ya klorini ni jambo jingine. Na mwanafunzi akiuliza kama digrii 95 za Nairobi zatosha kuviua, jibu ni kwamba zatosha, maadamu maji yamechemka kwa kububujika. Mwalimu asisahau kuwaonya kwamba maji ya majaribio hayanywiwi.

LA PILI: HISTORIA

Somo la historia limeuawa na orodha za miaka. Mwanafunzi hukabidhiwa miaka kama bei za dukani, akaambiwa aihifadhi. Na hali historia imeandikwa katika majina ya mitaa anayoipita kila siku, wala hakuonyeshwa namna ya kuisoma. Kariokor ni jina lililotokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wachukuzi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, na wengi wao hawakurudi makwao. Mtaa wa Mbotela una jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952. Mitaa ya Ofafa ina jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Shauri Moyo ulijengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, ambacho kilivunjwa na serikali ya kikoloni mwaka 1939.

Mwalimu achague jambo moja tu kati ya haya. Tuseme amechagua kuvunjwa kwa Pangani. Wiki moja kabla ya somo awatume wanafunzi wawili wawili wakawaulize wazee wa Majengo na wa Shauri Moyo: Watu wa Pangani walihamaje? Waliambiwa nini? Na hili jina la Shauri Moyo limetoka wapi? Masuala matatu yatosha. Wafundishwe pia adabu ya kuuliza: kutoa salamu, kuomba idhini, kumwacha mzee amalize maneno yake, na kuandika kama alivyosema bila ya kuongeza.

Siku ya somo habari zitaletwa, na hapana shaka zitahitilafiana. Mwalimu asiyejiandaa ataona hiyo ni balaa, na kumbe hiyo ndiyo hazina. Aandike ubaoni safu tatu: Ni nani aliyesema? Je, aliona au alisikia? Na ikiwa alisikia, alisikia kwa nani? Wasomaji wetu watalitambua jambo hili mara moja, kwani ndivyo walivyofanya wanavyuoni wa Hadithi karne nyingi zilizopita walipochunguza isnadi, wasikubali habari mpaka wamjue aliyeichukua. Watu waliokuwa wazima mwaka 1939 wamekwisha kutangulia, kwa hivyo habari nyingi zitakuwa ni za kurithiwa. Hilo si sababu ya kuzitupa, bali ni sababu ya kuzipima.

Kisha mwalimu alete shahidi wa pili, nayo ni karatasi. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi yake Kaloleni na Makadara, na jumba la Nyaraka za Taifa liko katikati ya mji. Lakini karatasi nayo iulizwe suala lile lile. Afisa wa kikoloni aliyeandika barua juu ya uhamisho alikuwa na haja ya kuonyesha kwamba kazi yake imekwenda vizuri. Mzee ana sababu zake za kukumbuka, na afisa alikuwa na sababu zake za kuandika. Mwanafunzi akilifahamu hili amekwisha kuipata historia, na ule mwaka 1939 hatausahau, kwani sasa una watu ndani yake.

Namna hiyo hiyo yafaa kwa tarehe 24 Aprili 1954, siku ambayo majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakakamatwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Hapo mwalimu na awe mwangalifu, kwani katika darasa moja waweza kukaa mjukuu wa aliyekamatwa na mjukuu wa askari. Kusudio ni kuzipima habari, si kufufua uadui.

LA TATU: URAIA

Somo la uraia hufundishwa kana kwamba ni habari za nchi ya mbali. Mwanafunzi ajua kwamba kaunti ni 47, na kwamba Katiba ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, lakini hajui amwendee nani taa ya njia yao ikizimika.

Basi mwalimu aandae vikaratasi, kila kimoja kikiwa na shida moja ya mtaani: taa ya njia iliyokufa, lundo la taka lisilochukuliwa, zahanati isiyo na dawa, chekechea isiyo na madawati, makaburi yaliyojaa, askari polisi aliyeomba hongo, kitambulisho kilichochelewa, skuli ya sekondari yenye upungufu wa walimu. Wanafunzi, katika makundi ya watu watano au sita, wavipange mafungu mawili: kazi ya Serikali ya Taifa, na kazi ya Serikali ya Kaunti. Mara ya kwanza wasifunue kitabu, wabishane kwa yale wayajuayo. Kelele zitakuwako, na mwalimu asiogope kelele za watu wanaofanya kazi.

Kisha wapewe Jedwali la Nne la Katiba, wajisahihishe wenyewe. Wataona kwamba taa za njia, taka, zahanati, chekechea na makaburi ni mzigo wa Kaunti. Polisi, vitambulisho na skuli za sekondari ni mzigo wa Taifa. Sharti liwe moja: hapana kuhamisha kikaratasi ila kwa kuonyesha neno la Katiba lililokihamisha. Asiwepo wa kusema "watu husema," wala "baba aliniambia." Umejuaje? Nimeusoma mstari huu hapa.

Katika kipindi kinachofuata kila kundi lichague shida moja, liiandikie barua. Barua yenyewe iwe na mambo matano: shida ni nini, iko wapi, tangu lini, ni kifungu gani cha sheria kinachohusika, na twaomba kifanyike nini. Kifungu cha 42 cha Katiba chatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na watoto wa Dandora, waliokua karibu na jalala lililotumika tangu miaka ya 1970, hawahitaji kufasiriwa maana yake. Kifungu cha 35 chatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 37 haki ya kupeleka maombi kwa wakuu kwa amani. Nairobi ina wadi 85, na kila wadi ina mwakilishi wake aliyechaguliwa; kwa hivyo barua haitakosa wa kuandikiwa. Matusi yasiwemo hata neno moja, kwani mwenye hoja hana haja ya matusi.

Mtu asidhani kwamba haya ni mazoezi ya kupitisha wakati. Mwezi wa Juni 2024 nchi nzima ilitikisika kwa ajili ya Mswada wa Fedha. Damu ilimwagika, na Rais akakataa kuutia sahihi. Siku zile walikuwako vijana walioketi wakausoma mswada wenyewe kifungu kwa kifungu, na walikuwako waliopeleka mbele kila neno lililowafikia bila ya kulitazama. Hatuna haja hapa ya kuingia katika siasa yake. Twasema tu kwamba tofauti ya watu hawa wawili huanza kufanywa darasani, miaka mingi kabla ya siku ya mtihani wa kweli.

LA NNE: KOMPYUTA

Skuli nyingi za kwetu zina kompyuta chache na wanafunzi wengi, na umeme nao hukatika. Kwa ajili ya haya walimu wengine wameifanya kompyuta kuwa somo la kuhifadhi majina ya sehemu za mashine. Na hali kiini cha ilimu hii ni mpango wa fikira, na fikira haingoji umeme. Mpango wa hatua zinazofuatana mpaka kulifikia jibu huitwa algoriti, na neno hilo limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye hakuwa na mashine yoyote ya namna hii.

Mwanafunzi mmoja achague hesabu kati ya 1 na 100, aifiche moyoni. Wenziwe waitafute kwa kuuliza masuala ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo. Mara ya kwanza watauliza ovyo: Ni 37? Ni 82? Watachoka kabla ya kuipata. Kisha mwalimu awaachie wafikiri, na haitapita muda atatokea mmoja wao aulize: Je, ni kubwa kuliko 50? Hapo mlango umefunguka, kwani suala moja limeondoa nusu nzima. Wakiendelea hivyo wataipata kwa masuala 7, kila mara, hata mwenye kuficha awe mjanja namna gani.

Sasa mwalimu awaulize: Mmejuaje kwamba 7 yatosha daima? Wasijibu kwamba wamejaribu mara tano ikawa hivyo, kwani mara tano si dalili. Waandike namna zinavyopungua hesabu zilizobaki baada ya kila suala: 100, 50, 25, 13, 7, 4, 2, 1. Hatua ni 7. Kisha awaulize juu ya 1,000. Watahesabu, wapate 10. Awaulize juu ya milioni moja. Darasa zima litabahatisha maelfu, na jibu ni 20. Wasimwamini, wahesabu wenyewe. Na akitaka kuwaonyesha kwamba kila njia ina sharti lake, awape kadi zilizochanganywa bila ya mpango, wajaribu njia ile ile. Itashindwa, nao watafahamu kwamba kugawanya nusu kwa nusu hufaa tu pale mambo yalipopangwa kwa taratibu. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, watu walistaajabu namna fedha zinavyomfikia mtu mmoja kati ya wengi kwa muda mfupi. Mwanafunzi aliyecheza mchezo huu hatastaajabu kwa ujinga. Atajua kwamba mashine haimtazami kila mtu mmoja mmoja.

Na hapa lazima tuseme neno juu ya jambo jipya. Siku hizi ziko mashine za akili unde ambazo mwanafunzi huzipa suala, zikamwandikia jibu refu lenye lugha nzuri. Wako wanaozikataza kabisa, na wako wanaozikumbatia kabisa. Sisi twaona kwamba anayenakili jibu la mashine na anayenakili ubao wana ugonjwa mmoja. Aliyebadilika ni kasuku tu. Mwalimu akitaka, awape wanafunzi jibu lililoandikwa na mashine, awaambie walichunguze: lipi ni kweli, lipi si kweli, na mmejuaje? Hapo mashine itakuwa shahidi anayeulizwa, wala si kadhi anayehukumu.

ANDALIO LENYEWE

Ukiyatazama masomo haya manne utaona kwamba yamejengwa juu ya nguzo tano zile zile. Mwalimu azigawe dakika zake 40 hivi:

1. Suala, dakika 5. Liwe moja tu, liwe la kweli, na liwe juu ya kitu ambacho mwanafunzi amekiona.

2. Dhana, dakika 5. Kila mmoja aandike anachodhani na sababu yake, kabla ya kuambiwa lolote.

3. Kazi, dakika 15. Mikono na macho yafanye kazi: kupima, kuuliza, kusoma, kupanga. Mwalimu atembee kati yao, aseme machache.

4. Hukumu, dakika 10. Makundi yalete majibu, na kila jibu liulizwe: Mmejuaje? Maelezo ya mwalimu mahali pake ni hapa.

5. Andiko, dakika 5. Kila mmoja, peke yake, aandike sentensi tatu: nilidhani nini, nimeona nini, na kilichobadilisha au kuthibitisha dhana yangu ni nini. Mwalimu akisoma karatasi hizi usiku atajua ni nani aliyefahamu na ni nani aliyeketi tu.

Na kanuni moja iwe juu ya zote: andalio liandikwe yale atakayoyafanya mwanafunzi, si yale atakayoyasema mwalimu. Mwalimu aliyeandika kurasa nne za maneno yake mwenyewe ameandaa hotuba, na hotuba ina siku yake.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Huenda akasema msemaji: "Mtaala ni mrefu na mtihani uko mbele, wakati wa haya uko wapi?" Twamjibu: Hatukusema kila kipindi kiwe hivi. Kipindi kimoja kwa wiki katika kila somo chatosha kuanza. Tena mtaala mpya, uliofika Gredi ya 7 mwaka 2023 kuchukua mahali pa ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, wenyewe wataka mwanafunzi atende, asihifadhi tu. Na aliyefahamu jambo moja kwa hakika hulirejea mara chache kuliko yule anayelihifadhi upya kila muhula.

Atasema wa pili: "Hatuna maabara wala vyombo." Twamjibu: Katika darasa la mabati liko tundu la msumari, na jua likiwa juu hushuka miale yake sakafuni. Tazameni umbo lake. Tundu ni la pembe pembe, na alama ya sakafuni ni duara. Kwa nini? Kwa sababu lile si umbo la tundu. Ni sura ya jua lenyewe. Tundu likiwa juu kwa mita 3, duara huwa na upana wa karibu sentimita 3. Likiwa juu zaidi, duara hukua. Jambo hili la nuru ipitayo tunduni lilichunguzwa na Ibn al-Haytham, aliyefariki kiasi cha mwaka 1040, naye ni katika walioutaka ulimwengu upimwe kabla ya kusemewa. Chombo chake kinavuja mvua juu ya vichwa vyetu, nasi twasema hatuna vyombo.

Atasema wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito: "Mkiwafundisha watoto kuuliza 'Umejuaje?' watavunja adabu mbele ya walimu na wazee." Twamjibu: Adabu iko katika namna ya kuuliza, wala haiko katika kunyamaza. Mtoto afundishwe kusema, "Mwalimu, tafadhali tuonyeshe tulivyolijua hili," na hapo ameongeza heshima. Anayeogopa suala hili ni yule asiye na jibu, naye pia ana njia ya heshima. Imepokewa kwamba Imamu Malik, mwanachuoni wa Madina, aliulizwa masuala 48, akajibu katika 32 miongoni mwake, "Sijui." Hakupungukiwa na cheo kwa hilo. Mwalimu akisema "Sijui, tutazameni pamoja," amewafundisha wanafunzi wake jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha skuli.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI

Nyinyi wazee msidhani kwamba kazi hii ni ya mwalimu peke yake. Mtoto arudipo jioni, wengi wetu humwuliza, "Umepata alama ngapi?" Kuanzia leo mwulizeni jambo jingine: "Leo umejua nini, na umejuaje?" Siku ya kwanza atanyamaza. Siku ya pili atatafuta la kusema. Siku ya tatu atakwenda darasani hali amejiandaa kujibu, na mwalimu wake atashangaa kilichompata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa, na awape walimu wetu subira na nguvu. Wabillahi taufiki.